Kitufe cha Nimeshapoa

Ndugu zangu wa nyumbani wanaamini kuwa mimi ni askari wa getini. Kosa ni langu. Niliwahi kuwaeleza kwamba kazi yangu ni kulinda mashine za viwandani dhidi ya wageni wasiopiga hodi, wakanichora vichwani mwao nikiwa na koti refu na rungu, na sijapata nguvu ya kuwasahihisha. Askari wa getini anaeleweka. Ana kiti, ana zamu, anajua mlango uko wapi.

Kazi yenyewe ni hii. Viwandani kuna kompyuta ambazo hazina barua pepe wala picha za harusi. Zinaliambia tanuri liwake, pampu izunguke, mkanda uende. Aghalabu ni kuukuu, kwa kuwa mashine zinazoziongoza hazichakai haraka na mwenye kiwanda haoni sababu ya kubadili kitu kinachofanya kazi. Lakini mfumo endeshi uliomo ndani yake ndio ule ule uliokuwa zamani katika kila ofisi, na matundu yake yanajulikana dunia nzima. Kirusi kikiifikia kompyuta ya namna hiyo kupitia mtandao, kinaingia bila mtu yeyote kubofya chochote. Watengenezaji hutoa viraka vya kuziba matundu. Kiraka ni kitu kizuri, mpaka ukishone kwenye nguo iliyochoka, nguo yenyewe ikachanika. Hapo ndipo wanapoitwa watu kama mimi.

Chuoni sikusomea haya. Nilisomea isimu ya Kiswahili, nikaandika tasnifu ya viambishi ambayo ilisomwa na msimamizi wangu peke yake, na nadhani hata yeye aliruka kurasa. London ilinifundisha kompyuta kwa sababu hakuna kiwanda kinachoharibikiwa na viambishi. Bado ninaandika insha, na bado ninaumia mtu akikosea ngeli mbele yangu, maumivu ambayo hayajawahi kumsaidia mtu yeyote.

Mwaka wa kazi ninayotaka kuisimulia, mama yangu alikuwa amefariki. Nilipanda ndege, nikaenda Iringa, nikamzika, nikarudi. Kaburini niliangalia udongo ulioshika viatu vyangu nikawaza kama rangi ya kiwi niliyonayo kwangu Peckham, London, ingefaa. Shangazi alinitazama, akamwambia mtu wa pembeni yake kwa sauti ambayo haikufichwa, "Huyu Uingereza imemgandisha." Sikukasirika. Ilikuwa kama ukitoka kwa daktari wa meno baada ya sindano ya ganzi: mdomo upo, unauona kwenye kioo, unakunywa chai na hujui kama inaingia au inamwagikia shati.

Peckham watu wana adabu ya msiba. Mwenye saluni iliyo chini ya nyumba yangu, akina mama wa kanisani, kijana muuza ndizi, wote walinisimamisha.

"Pole sana, kaka. Tumesikia."

"Asante. Nimeshapoa."

Nililisema neno hilo kwenye ngazi, kwenye kituo cha basi, kwenye simu. Ni neno zuri sana kwa mtu asiyetaka kuongea. Mwenzako anakupa pole yake, nawe unamrudishia ikiwa imefungwa vizuri, na kila mmoja anaendelea na safari yake.

Katika hali hiyo nikapigiwa simu na mwanamke aliyeniambia kwa Kiingereza kwamba mama yake ana kiwanda kidogo cha biskuti karibu na Queensbury, upande wa pili wa London, na kwamba wanahitaji mtu wa usalama wa mitandao anayejua Kiswahili. Nilidhani nimesikia vibaya. Nilimwomba arudie. Akarudia, kwa sauti ya mtu ambaye naye amechoka kuieleza habari hiyo.

Familia yao ilikuwa ya Wahindi wa Mwanza. Mama alikuja Uingereza akiwa bi arusi. Binti alizaliwa hapa. Alisikia Kiswahili chote na kujibu chote kwa Kiingereza. Kiwanda kilitengeneza nankhatai, zile biskuti za samli na iliki zinazovunjika kabla hazijafika mdomoni, na tanuri lao refu, lenye mkanda unaopita ndani yake, liliongozwa na kompyuta moja iliyokuwa ndani ya kabati la chuma. Programu yake ilikuwa imeandikwa na marehemu mume wa mama, fundi umeme aliyejifundisha mwenyewe. Sasa kampuni ya bima ilikuwa imewaandikia: kompyuta ile iwekewe kinga inayokubalika kabla ya mwisho wa mwezi, au iondolewe. Binti alikuwa ameshapata mtu wa kuleta mfumo mpya. Mama alikuwa amekataa.

Siku ya kwanza nilifika asubuhi, treni ya njia ya Jubilee ikiwa imejaa watu wasiotazamana, jambo ambalo lilinifaa. Mama alikuwa mwanamke mfupi aliyevaa sweta juu ya sari na viatu vya usalama vyenye chuma mbele. Hakuniambia habari za kazi. Alinipa kiti, akasema, "Ngoja nimwamshe," akafungua kabati na kuiwasha kompyuta. Skrini ilichukua muda wake. Kisha yakatokea maandishi ya kijani, herufi kubwa:

UMEAMKAJE MAMA?

"Nimeamka salama," mama akaijibu skrini, akabonyeza kitufe, na taa za tanuri zikaanza kuwaka moja baada ya nyingine.

Nikaelewa kwa nini walitaka mtu wa Kiswahili. Skrini nzima ilikuwa ya Kiswahili. Mkanda ukisimama iliandika MKANDA UMECHOKA. Gesi ikipungua, TUMBO TUPU. Na jambo lolote likiharibika, juu ya yote, kwa rangi nyekundu, ilitokea POLE, na chini yake kitufe ambacho mfanyakazi lazima akibonyeze kuonyesha kuwa ameiona shida na ameitatua. Kwenye mashine za wengine kitufe hicho huitwa kwa neno la Kiingereza lenye maana ya kukiri. Hapa kiliitwa NIMESHAPOA.

"Ile ya kwanza waliyotuuzia ilikuwa inaandika kosa, kosa, kosa," mama aliniambia. "Nikamwambia mzee wangu, mtu akipata shida, unamwambia kosa? Adabu gani hiyo? Unamwambia pole. Akaifuta yote, akaandika upya."

"Na wafanyakazi walielewa?"

"Wale wa kwanza walitoka Kenya, Uganda, Kongo. Kiingereza chao kilikuwa kama changu. Hiki ndicho tulichokuwa nacho wote." Akanisukumia sahani. "Kula."

Nilikula nankhatai moja, nikasema ni tamu. Nilisema hivyo kwa sababu ndivyo inavyosemwa.

Binti alinichukua pembeni, kwenye kiofisi chenye dirisha linalotazama tanuri. Alisema, kwa Kiingereza, kwamba hana ugomvi na kumbukumbu ya baba yake. Ana ugomvi na siku ambayo kirusi kitaingia, tanuri lizime, bima isilipe, na watu wote wale wakose kazi. Na mashine mpya, akasema, itazungumza lugha yoyote utakayoichagua kwenye orodha.

"Kiswahili kimo?" nikamuuliza.

Akaitafuta orodha kwenye simu yake, akaipitia. Hakikuwamo.

Basi nilijua ninachotakiwa kufanya, na nilijua mama atapoteza nini nisipokifanya vizuri. Nilikijua kama unavyojua ratiba ya treni. Nilinakili diski yote, nikaenda na nakala nyumbani, nikaitia kiraka kwenye meza yangu ya kulia chakula. Kompyuta yangu ya majaribio ikawaka vizuri, programu ya mzee ikakataa kufunguka. Nikarudia kwa njia nyingine, ikakataa vile vile. Kwa hiyo matundu yasingezibika. Lililobaki ni kuijengea kompyuta uzio: kuitenga na mtandao wa ofisi, kuzima huduma zote za kushirikiana mafaili ambazo haizihitaji, na kuacha njia moja tu, nyembamba, ya kupeleka hesabu ya biskuti kwa binti bila kuruhusu chochote kurudi.

Niliyaeleza haya kwa msimamizi wa zamu, dada wa Mombasa mwenye ulimi uliochongwa. Nikiwa mtu wa isimu, nilikataa maneno ya Kiingereza. Nilimwambia nitaweka ukuta wa moto kati ya ofisi na tanuri.

"Ukuta wa moto?" akasema. "Na hili tanuri ni nini, kaka, jokofu?"

"Ni istilahi, dada. Kifaa cha kuchuja mawasiliano."

"Wewe waongea kama taarifa ya habari. Sema ni kisanduku, nijue pa kukiweka."

Niliweka kisanduku. Kilikuwa kidogo, cheusi, chenye taa zake. Kabla ya kukiunganisha nilihitaji ripoti ya bima ionyeshe milango gani iko wazi kwenye mtandao wa ofisi, na hapa inabidi nieleze jambo moja. Kila kompyuta ina milango mingi isiyoonekana, na njia ya kujua ipi iko wazi ni kuigonga yote, mmoja mmoja, kwa programu maalumu. Kwa kompyuta mpya si neno. Kwa kompyuta kongwe ya kiwandani ni hatari, maana inajitahidi kumjibu kila mgongaji hadi inasahau ilichokuwa ikifanya. Wenzangu wana miongozo mirefu kuhusu hili. Sisi tulilelewa nalo: unapiga hodi tatu, usipoitikiwa unaondoka. Programu yangu hupiga hodi maelfu na haiondoki.

Ilikuwa Jumamosi mchana na tanuri lilikuwa likifanya kazi, maana kuna mtu alikuwa na harusi. Niliichomoa kebo iliyotoka kwenye kabati kwenda ofisini. Niliiona kwa macho yangu ikining'inia. Kompyuta ya mzee ilikuwa peke yake sasa, nilidhani, kwa hiyo naweza kugonga upande wa ofisi nitakavyo. Nikabofya. Nikakaa nikitazama mistari ikipita kwenye skrini yangu, nikiwa siwazi kitu.

Dada wa Mombasa ndiye aliyenusa kwanza.

"Mama! Zinaungua!"

Nilipofika, skrini ya kabati ilikuwa imeganda. Mkanda umesimama, nankhatai zimo ndani ya tanuri zimepanga mstari, na moshi umeanza kutoka mdomoni. Kinga ya gesi, ambayo haitegemei kompyuta, ilikata moto yenyewe kama ilivyotakiwa, kwa hiyo hakuna aliyekuwa hatarini. Dada akavaa glavu akaanza kuvuta trei, akinitukana kwa lahaja ambayo zamani ningeifurahia kitaaluma.

"Umefanya nini?" binti akauliza.

"Nimepiga hodi," nikasema. Lilikuwa jibu la kijinga, na ndilo lililokuwa la kweli.

Nikafuata nyuma ya kabati kwa tochi ya simu. Nyuma kabisa, kupitia tundu lililozibwa kwa gazeti, ilikuwepo kebo ya pili, imepakwa rangi ya ukuta. Ilipita juu ya stoo ya unga hadi ofisini. Hakuna aliyekuwa ameikumbuka hadi wakati huo. Binti akasema, kwa sauti ya chini, kwamba baba yake aliiweka alipoanza kuugua, ili aweze kulitazama tanuri akiwa amekaa kwenye kiti cha ofisini.

Nikaichomoa. Halafu hakukuwa na jingine la kufanya isipokuwa kuizima kompyuta na kuiwasha tena.

Nakala ya programu nilikuwa nayo. Lakini ndani ya kabati kulikuwa na kadi ya umeme iliyoiunganisha kompyuta na tanuri, na kadi hizo hazitengenezwi tena. Ikishindwa kuamka, nakala yangu ingekosa pa kuishi. Nilimwambia mama hivyo. Niliona ni haki yake kujua.

"Na isipoamka?" akauliza, akimtazama binti yake, siyo mimi.

Binti akajibu kwamba Jumatatu ataagiza ile mpya. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili.

Mama akazima. Akangoja kidogo. Akawasha.

Diski ilikoroma, ikanyamaza, ikakoroma tena. Skrini ilibaki nyeusi. Dada wa Mombasa alisimama na trei ya biskuti nyeusi mikononi. Mimi nilisimama pale kama nilivyosimama Iringa. Niliangalia viatu vyangu. Vilikuwa na unga.

UMEAMKAJE MAMA?

Ilikuwa mchana kweupe. "Nimeamka salama," mama akasema, na sauti yake ilikatika katikati ya salama. Kisha ikaja nyekundu, kubwa kuliko zote:

POLE

"Bonyeza," mama akaniambia.

"Mimi?"

"Wewe ndiye uliyemgongea. Bonyeza."

Nikabonyeza NIMESHAPOA. Nilikuwa na uzoefu na neno hilo.

Skrini ikafikiri. Kisha ikaandika:

BADO HUJAPOA

Nikabonyeza tena, nikidhani kidole hakikukaza. BADO HUJAPOA. Baadaye niliisoma programu na kuona alichofanya mzee: kitufe hakikubali mpaka vipimo vya joto vishuke mahali pake. Fundi yeyote mwangalifu angefanya hivyo. Na kisarufi angepaswa kuandika halijapoa, kwa kuwa tanuri ni ngeli ya li. Lakini aliyesema nimeshapoa ni mbonyezaji, kwa hiyo mashine ilimjibu mbonyezaji. Ukikaa ukalitazama, ni sahihi.

Nililitazama. Sijui kwa muda gani.

"Huyo hadanganywi," mama akasema. "Sote tulijaribu. Ukiwa na haraka ndiyo anakukatalia." Akanitazama usoni kama anayesoma kipimo. "Nani amekufa?"

"Mama yangu."

Hakusema pole. Alivuta kiti, akakisukuma mbele ya kabati kwa mguu wake wenye kiatu cha chuma. "Basi kaa. Sisi wote tunangoja lipoe."

Nikakaa. Dada wa Mombasa akaleta chai, akaiweka mkononi mwangu bila kunitania, jambo lililonitisha kidogo. Tanuri lilipiga kelele ndogondogo za chuma kinachorudi kwenye umbo lake. Hakuna kilichonitokea. Sikulia. Nilikaa tu mbele ya maneno yale mawili mpaka yakafutika yenyewe, na kitufe kilipokubali mwishowe, aliyekibonyeza alikuwa mama.

Kebo ile ya pili ndiyo iliyoiokoa kazi yangu. Kama hodi yangu iliifikia kompyuta ya mzee kupitia pale, chochote kingeifikia, na ningejenga ukuta wangu mzuri mbele huku nyuma kuko wazi. Niliandika yote kwenye ripoti, pamoja na jina langu kwenye sentensi ya biskuti zilizoungua. Nilikiunganisha kisanduku, nikazima huduma zisizohitajika, nikafunga kabati kwa kufuli, funguo nikampa mama.

Jibu la bima lilikuja kabla ya mwezi kwisha. Binti alilisoma kwa sauti kando ya tanuri, kwa Kiingereza, nalo lilikuwa refu na limejaa masharti: kompyuta ikaguliwe kila mwaka, isiunganishwe na kitu kingine. Mama alisubiri mpaka mwisho.

"Kwa hiyo anabaki?" akauliza.

Kompyuta ni ngeli ya i. Alipaswa kusema inabaki. Nilinyamaza.

"Anabaki," akajibu binti. Kwa Kiswahili. Kisha akaikunja ile karatasi na kurudi ofisini haraka, kama mtu aliyesahau kitu kwenye jiko.

Nilipokuwa navaa koti, mama alinipa bati la nankhatai, akaushika mfuniko asiuachie bado.

"Pole na mama, mwanangu."

Nilifungua mdomo. Neno lilikuwepo tayari, limefungwa vizuri, kama kawaida.

"Asante," nikasema, na nikaliacha hapo.

Kwenye treni nilikula moja. Nilikuwa nimekula za kwake kila nilipofika pale, na kila mara nilikuwa nimesema ni tamu, bila kuisikia ladha. Hii ilikuwa na iliki nyingi mno. Nilikaa nayo mdomoni hadi kituo cha Canada Water, nikashuka kubadili treni.